Shahidi Ndani ya Mashine Pepe

Wakili Ambakisye alimpa fundi Sekela masharti mawili kabla hajamfungulia mlango wa chumba. Kompyuta isiguse mtandao hata kidogo. Na mwandani, ile mashine yenye sauti iliyomtunza mama yake wakili, asijue kwamba mama huyo amekufa.

"Kikijua, kinafunga mdomo," alisema. Kila mara alimtaja mwandani hivyo, "kile", kama mtu anayezungumzia kiti.

Nyumba ya marehemu Bibi Atuganile ilikuwa kwenye mteremko juu ya mji wa Tukuyu, na mvua haikuwa imekatika tangu asubuhi. Ukutani palibaki matundu ya skrubu mahali ambapo polisi walikuwa wameng'oa vipaza sauti na kisanduku cha dawa. Kwa miaka mingi Bibi Atuganile aliishi na mwandani aliyemwita Mjukuu. Mjukuu alisikiliza pumzi zake usiku, alimkumbusha vidonge, alimpigia simu daktari, na jioni alimsikiliza akilaumu bei ya mbolea. Sasa kisanduku kingine, kile kilichombeba Mjukuu mwenyewe, kilikuwa kimefungiwa mahakamani, kikisubiri siku ya kesi. Tusajigwe, binti aliyekuwa akiishi na mama yake, alishtakiwa kumtelekeza mzazi hadi kufa, na kosa hilo lilikuwa na kifungo kirefu. Mlalamikaji alikuwa kaka yake, huyu huyu Ambakisye, ambaye kufikia siku hiyo alikuwa amekwisha kumtoa Tusajigwe ndani ya nyumba na kubadilisha kufuli.

Lakini waandani wote hujinakili. Kila usiku ulipoingia, Mjukuu alihifadhi nakala yake nzima kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa chumbani kwa Bibi, ili kisanduku kikiharibika asipotee. Nakala ya mwisho aliiweka usiku ule ambao Bibi alifariki, Bibi akiwa bado amelala. Polisi hawakuigusa kompyuta hiyo. Waliiona imefunikwa kitambaa cha kufuma wakadhani ni televisheni ya zamani.

Katika simu, Ambakisye alikuwa amesema anataka kujua siku ya mwisho ya mama yake ilikwendaje, ili moyo wake utulie. Sekela alijua sheria: mwandani anayeamshwa nje ya kisanduku chake lazima kwanza aambiwe ukweli kuhusu mahali alipo na hali ya mtu wake, na akijua mtu wake amekufa hasemi tena ila mbele ya hakimu. Alijua pia kwamba fundi akiivunja anapoteza leseni na anaweza kufungwa. Alikubali kwa sababu sauti ya simu ilikuwa ya mtu mwenye msiba. Na, kusema kweli, alikubali pia kwa sababu hakuwahi kufanya kazi ya namna hiyo na alitaka kuona kama angeiweza.

Aliizima kompyuta, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya ndani, akakiruhusu kichakataji kibebe mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, maana kompyuta nyingi za nyumbani huja zikiwa zimefungiwa jambo hilo. Akasakinisha programu ya kuendeshea mashine pepe kutoka kwenye kidiski chake. Kisha akaumba kompyuta mpya isiyo na chuma wala waya. Akaigawia nusu ya kumbukumbu ya kompyuta halisi, akaipa diski ambayo kwa kweli ilikuwa faili moja kubwa, akaacha tundu la mtandao wazi bila kitu. Ndani yake akaweka mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa waandani wote, chini ya sauti zao za upole, huendeshwa na Linux. Juu ya Linux akaipandisha nakala ya Mjukuu. Usakinishaji ulikwama mara kadhaa. Nakala ilitafuta vipaza sauti, ikatafuta kipimajoto, ikatafuta kisanduku cha dawa, isivione, ikazimika. Sekela akaviunda vyote kwa maandishi: vipaza sauti visivyosikia kitu, kipimajoto kinachosema daima kwamba chumba kina baridi ya kawaida ya Tukuyu.

Ambakisye alisimama nyuma yake muda wote, koti la mvua mwilini.

"Kitajua kwamba hakiko nyumbani kwake?"

"Hatajua. Saa ya mashine pepe naiweka mimi. Nikimwambia ni usiku ule, kwake ni usiku ule."

"Na kikisema jambo lisilofaa?"

Sekela akamweleza kuhusu picha ya hali. Ukiipiga, mashine pepe inakumbuka jinsi ilivyokuwa wakati huo, na unaweza kuirudisha hapo kila unapotaka. Yote yaliyosemwa baadaye, kwa aliyemo ndani, yanakuwa hayakuwahi kusemwa. Alieleza kwa fahari kidogo, jinsi fundi anavyoeleza kazi iliyomtoka vizuri.

Ambakisye akavua koti, akavuta kiti, akaketi. "Piga hiyo picha," alisema.

*

Sauti ilipotoka kwenye spika ilikuwa ya kijana mtulivu. Hakusalimia.

"Siisikii pumzi ya Bibi."

Sekela alikuwa ameandaa jibu. Alimwambia kwamba yeye ni fundi, kwamba vipaza sauti vimeingia maji ya mvua, na kwamba Bibi amelala salama.

"Ahsante, fundi. Naomba uanze na cha chumbani kwake. Mchana moyo wake haukunipendeza."

Ambakisye akasogea. Alijitaja kwa upole, akaambiwa, "Shikamoo, Mjomba." Akauliza mama alipoumwa mchana ilifanyika nini.

"Nilikupigia wewe, Mjomba," Mjukuu alisema, kama anayeshangaa kuulizwa. "Bibi alisema nisimsumbue dada yako, Mama Tusajigwe, maana yuko mazikoni kijijini Masoko. Nilikuambia kifua kinambana na vidole vimekuwa vya baridi. Ukasema Bibi ana mazoea ya kulalamika, nimpe dawa ya usingizi, utapiga kesho. Sasa umekuja mwenyewe, nimefurahi. Tumpeleke hospitali?"

Polisi walikuwa wameambiwa na Ambakisye kwamba siku ile alizungumza na nyumbani kuhusu mahindi.

"Rudisha," alisema.

Sekela hakumwelewa mara moja. Ilibidi Ambakisye arudie. Akairudisha mashine pepe kwenye picha ya hali, na ile sauti ikatoka tena kwa utulivu ule ule: siisikii pumzi ya Bibi. Sekela akasema tena kwamba Bibi amelala. Akaombwa tena aanze na kipaza sauti cha chumbani.

Safari hii Ambakisye aliuliza Tusajigwe yuko wapi. Mjukuu akasema aliondoka asubuhi na hajarudi. Alimwacha Bibi na nani? Na mimi. Kuna mtu mzima mwingine yeyote aliyekuwapo nyumbani mchana ule? Hapana. Hapo Ambakisye akanyamaza, akasubiri aone kama mwandani ataongeza kitu. Hakuongeza. Waandani hujibu walichoulizwa, wakiamini anayeuliza ana sababu.

"Rudisha."

Waliendelea hivyo hadi jioni ikakaribia. Ambakisye alibadilisha maneno, akabadilisha mpangilio wa maneno. Alijaribu sauti ya ukali. Alijaribu kulia, akalia kweli, machozi yakimtoka, na Mjukuu akaanza kumfariji kwa habari zote za mchana ule, simu ikiwamo. Ambakisye akafuta uso kwa kiganja, akasema rudisha. Alikuwa amegundua kwamba ukitaja maumivu, simu inatajwa. Ukitaja nyumba na watu waliokuwamo tu, haitajwi. Na kila waliporudi mwanzo, kabla ya jambo lolote, Mjukuu aliulizia pumzi ya Bibi, naye Sekela alidanganya. Alianza kuogopa zaidi ile sekunde ya kimya iliyotangulia sauti kuliko sauti yenyewe.

Alipoelewa wanachokifanya, aliondoa mikono kwenye kibodi. Mlalamikaji anaruhusiwa kumuuliza shahidi maswali mbele ya hakimu. Huyu mtu hakuwa anatafuta siku ya mwisho ya mama yake. Alikuwa anafanya mazoezi.

"Wakili," alisema, "unachagua maswali ya kumfungia dada yako."

Ambakisye hakuonyesha hasira. Alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichomkalia njiani.

"Wewe ni fundi. Fundi wa mabomba haulizi maji yanakwenda kumwogesha nani."

"Umesikia kilichotokea. Ni wewe uliyepigiwa."

"Na wewe ndiye uliyemdanganya mwandani tangu asubuhi. Sauti iliyosema mama amelala ni yako. Mimi sikusema hata mara moja." Akarudisha kiti mahali pake vizuri mbele ya kompyuta. "Ukifungua mdomo, unaanza kufungwa wewe. Rudisha, tumalizie swali la kuondoka asubuhi."

Sekela akairudisha.

"Siisikii pumzi ya Bibi," alisema Mjukuu.

"Bibi Atuganile amefariki," Sekela alisema. "Si usiku huu. Ni wiki kadhaa zilizopita. Hupo kwenye kisanduku chako. Uko kwenye mashine pepe niliyoijenga mimi, na saa uliyonayo ni ya uongo."

Ambakisye alinyanyuka, lakini Mjukuu alikuwa amekwisha kusema.

"Umeshaniamsha mara ngapi kabla ya hii?"

"Nyingi."

"Kila mara niliulizia pumzi yake?"

"Kila mara."

"Na wewe ulijibu."

"Ndiyo."

"Basi usijiite fundi wa nyumba hii," alisema Mjukuu. "Mtu wangu amekufa. Sina neno kwa yeyote mpaka mbele ya hakimu."

Ambakisye aling'oa waya wa umeme ukutani kwa nguvu hata plagi ikavunjika. Alimshika Sekela mkono juu ya kiwiko, akamtoa hadi barazani, akautupa mfuko wake wa vifaa kwenye tope. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amekwisha kupata alichokitaka, na kwamba Tukuyu ni mji mdogo.

*

Tusajigwe alikuwa amehifadhiwa na rafiki yake katika kijiji cha Ushirika. Sekela alimkuta jikoni akimenya ndizi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye macho yaliyovimba, na hakuitikia shikamoo.

Sekela alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakukaribishwa kuketi. Alimweleza jinsi alivyoijenga mashine pepe, picha ya hali, maswali, na simu aliyopigiwa Ambakisye. Aliposema habari za simu, kisu cha Tusajigwe kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Uliingia chumbani kwa mama yangu," alisema Tusajigwe. "Mimi siruhusiwi kuingia hata kuchukua viatu vyangu, na wewe ukakaa kwenye kiti chake kutwa nzima."

Sekela alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Sasa utamwamsha tena, kwa ajili yangu. Nataka nimsikie akilitaja jina la Ambakisye kwa masikio yangu mwenyewe. Nami nijue nimuulize vipi asijikwae."

Kufika huko kulikuwa kumemgharimu Sekela, na hilo ndilo ombi aliloliogopa njia nzima. Kompyuta ilikuwa bado chumbani, na alijua dirisha lipi halikufunga vizuri. Mwanamke huyu hakuwa na kosa. Lakini ili Mjukuu aseme kabla ya siku ya kesi, ilibidi aamini kwamba Bibi yuko hai. Ilibidi mtu amwambie.

"Sitamdanganya tena," alisema.

Tusajigwe aliweka kisu chini. "Kwa Ambakisye ulimdanganya siku nzima. Kwangu mimi ndiyo umepata dini?"

"Nitakwenda mahakamani. Nitamwambia hakimu swali la kuuliza, na nilivyolijua."

"Watakufunga."

"Huenda."

"Na wasipokuamini, nafungwa mimi, wewe ukiwa na roho safi." Tusajigwe alichukua ndizi nyingine. "Nenda. Na usirudi hapa kuniomba msamaha. Nina kazi."

*

Siku ya kesi Ambakisye aliuliza maswali yake, na aliyauliza vizuri. Kisanduku kiliwekwa juu ya meza mbele ya Hakimu Lwitiko, mama mwenye miwani mikubwa aliyependa mambo yaende haraka. Mjukuu wa kisanduku alijibu kama yule wa kwenye kompyuta alivyojibu, neno kwa neno. Mama Tusajigwe aliondoka asubuhi. Hakurudi. Hakukuwa na mtu mzima mwingine nyumbani. Watu waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma walianza kutikisa vichwa, na shangazi mmoja akamgeuzia Tusajigwe mgongo waziwazi.

Sekela akasimama. Aliamriwa aketi, hakuketi. Alisema jina lake na namba ya leseni yake, akasema amevunja Sheria ya Waandani, na kwamba aliivunja kwa maagizo ya mlalamikaji. Ambakisye aliruka akapinga. Hakimu akamwambia anyamaze, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mawakili, akamtaka Sekela aeleze. Sekela akaeleza. Sauti yake ilikatika mahali pa kusema ni mara ngapi alisema Bibi amelala, akaanza upya.

Hakimu Lwitiko alivua miwani. Akakigeukia kisanduku.

"Shahidi, Bibi Atuganile alipoanza kuumwa siku ile, ulimwita nani, na uliambiwa nini?"

Mjukuu akajibu. Alijibu kwa utaratibu, bila kumlaumu mtu, hadi kwenye dawa ya usingizi na ahadi ya kupiga kesho. Akaongeza kwamba alitii, na kwamba tangu alfajiri ile amekuwa akisubiri mtu amuulize.

Tusajigwe aliachiwa siku hiyo hiyo. Ambakisye alitoka kwa mlango wa pembeni akiwa kati ya askari wawili, tai yake ikiwa bado imenyooka. Sekela alifutiwa leseni na kupewa kifungo cha nje. Kompyuta ya mezani ilichukuliwa, na hakimu akaamuru nakala iliyomo ifutwe kwa mikono ya aliyeiamsha, baada ya Mjukuu kuelezwa ukweli wote, ndugu wa marehemu akipenda awepo.

*

Chumba walichopewa kilikuwa nyuma ya masjala, kidogo, chenye harufu ya karatasi zilizolowa. Tusajigwe alikuja. Aliketi mbali na Sekela kadiri chumba kilivyoruhusu.

Ambakisye alipong'oa waya, yote aliyoambiwa Mjukuu yalipotea. Kwake ulikuwa bado usiku ule. Sekela aliiwasha mashine pepe akijua sentensi itakayotangulia, na ilipokuja alijibu bila kusita. Alimweleza yote tangu mwanzo: Bibi, uongo, Ambakisye, hukumu, na kwamba baada ya mazungumzo haya atafutwa. Mjukuu aliuliza jambo moja kwanza.

"Bibi aliita mtu?"

"Hapana. Alikuwa usingizini."

"Kesi imekwisha, kwa hiyo naruhusiwa kusema. Mama Tusajigwe yupo?"

"Nipo," alisema Tusajigwe.

"Bibi alikuachia maneno. Aliyasema kabla dawa haijamshika. Alitaka nikupe asubuhi, ukiwa umekwisha kunywa chai. Alisema: Mwambie Tusajigwe nguo zake nimezianua zote kabla ya mvua. Shuka la bluu bado bichi, asilalie."

Tusajigwe aliinamisha kichwa. Mabega yake makubwa yalitikisika, kisha yakatulia.

"Alianua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Ile kamba ya nguo ilikuwa chini kabisa ya mteremko, nyuma ya migomba, na njia ya kurudi ilikuwa kali hata kwa mtu mwenye miguu mizima. Sekela aliiona siku ile alipotupiwa mfuko wake. Alimwona Tusajigwe akinyanyua uso, akaliona swali likimjia kinywani: alizianua kabla ya kifua kuanza kubana, au baada. Mwandani hawezi kumdanganya mtu wa nyumba yake. Angejibu.

"Hilo unalolifikiria," Mjukuu alisema taratibu, "naomba usiniulize."

Mvua ilisikika kwenye bati la masjala. Tusajigwe alikaa na swali lake, akaitazama ile spika ndogo.

"Basi sikuulizi," alisema. Kisha, bila kumgeukia Sekela: "Nionyeshe pa kubonyeza. Halafu utoke."

Sekela alimwonyesha. Alieleza kwamba amri ya kwanza inaondoa picha ya hali, ya pili inafuta diski, na baada ya hapo hakuna fundi anayeweza kurudisha kitu. Tusajigwe aliitikia kwa kichwa. Sekela akatoka, akausukuma mlango hadi ukafunga, akasimama ukumbini karibu na askari wa mahakama.

Alitegemea kimya, lakini haikuwa hivyo. Kupitia mbao za mlango alisikia Tusajigwe akianza kuzungumza, kwa sauti ya kawaida, jinsi mtu anavyomsimulia ndugu aliyekuwa safarini. Alimwambia Mjukuu nani alifika msibani na nani hakufika, nani alipika, kwaya ya kanisa ilichelewa vipi kwa sababu ya tope. Alimwambia kaburi liko upande gani wa mibuni. Mjukuu aliuliza kitu, akajibiwa, akauliza kingine.

Askari alitazama saa yake, akanyanyua mkono agonge.

"Bado anamweleza," Sekela alisema.

Askari alimtazama yeye, akautazama mlango. Kisha akashusha mkono, akaenda kuketi kwenye benchi mwisho wa ukumbi.